Asali Aliyokupaka Baba

Njoro, maabarani

Mama,

Nianze na lile litakalokufanya uniangalie kwa jicho lile la kuuliza kama kweli ninakula vizuri huku chuoni. Ninafuga viwavi wa nondo. Wale wale waliokuwa wakiingia kwenye mizinga yako, wakatoboa masega na kuacha nyuzinyuzi kila mahali, wale uliokuwa ukiwaponda kwa kidole gumba huku ukiwaita wezi. Ninao kwenye mikebe ya plastiki ndani ya kabati la joto. Nawalisha pumba iliyochanganywa na asali. Wamenenepa, wana rangi ya maziwa, na nikifungua kifuniko wanajinyonganyonga kama watoto walioamshwa mapema kwenda shule. Ungeniona nikiwachagulia chakula ungesema nimerogwa.

Siwezi kukaa chini nikaandika kama mtu mwenye adabu. Nimesimama, karatasi iko juu ya meza ya maabara, naandika mistari miwili, naenda kuangalia kabati ambalo halihitaji kuangaliwa, narudi. Nimekuwa hivi tangu tukuzike. Wenzangu wananiita kuku anayetafuta pa kutagia. Nimewaacha waseme, kwa sababu wana haki.

Nina jambo la kukuambia na unanijua, nitalizunguka kwanza. Lakini nikuonyeshe linakoelekea, usije ukachoka njiani. Ni kuhusu Baba, na ile ahadi uliyoniomba hospitalini. Baba anaamini kwamba ni yeye aliyekuua. Anaamini ni ile asali aliyokuwa akikupaka kwenye kidonda. Na wewe uliniziba mdomo juu ya neno ambalo lingemtoa hapo.

Hukusikia yaliyosemwa siku ya mazishi, kwa hivyo nikuambie. Watu walikuwa nyuma ya nyumba wakinywa chai. Dada yako, Aunty Rael, alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Baba akapita na birika akiwaongeza wageni. Aunty akamtazama, akasema, wala si kwa kelele, lakini pale hapakuwa na asiyesikia: "Mtu ako na sukari, na wewe unampaka asali kwa kidonda. Hata mtoto wa nursery anajua vidudu vinapenda tamu." Baba aliliweka birika chini, akaenda kusimama kando ya tangi la maji, akabaki huko mpaka watu wakaanza kuondoka. Hakulia. Hata kaburini hakuwa amelia. Alisimama pembeni na kofia mkononi, kama jirani aliyekuja kutoa pole.

Tangu siku hiyo anakunywa chai chungu. Hagusi mandazi, hagusi hata viazi vitamu vya shambani mwake. Na kwenye mizinga hakwenda tena. Ile njia ya mkato ya kupita kwenye migunga ameiacha, anazunguka na barabara ya magari hata akiwa amebeba majani ya ng'ombe. Mizinga isiyo na mtu unaijua wewe kuliko mimi. Nyuki walidhoofika, nondo wakaingia, makundi mengine yakahama. Nilipokwenda na gunia kutafuta viwavi wa utafiti wangu nilipata wengi kuliko nilivyohitaji. Ule mzinga wa karibu na mfereji, wenye nyuki wakorofi waliokufukuza hadi jikoni ukiwa na ndoo kichwani, ulikuwa kimya. Nilipiga ubavu wake kwa kiganja, kama ulivyokuwa ukifanya. Hakuna aliyenijibu. Nilikasirika, Mama, na sikujua namkasirikia nani.

Sasa kwa nini viwavi. Wewe hukuwahi kuniuliza swali nusu, kwa hivyo nitakueleza lote.

Unakumbuka siku ile ulipolazwa mara ya pili, waliposugua kidonda chako kwa pamba na kuipeleka maabara. Nilikuomba ruhusa, kama tunavyowaomba wagonjwa wote, nichukue sehemu kwa ajili ya masomo yangu. Ulikuwa umechoka, mguu umefungwa mpaka gotini, lakini ulipata nguvu ya kunitania: "Chukua. Lakini hiyo ni mali yangu, uitunze, usiipoteze kama zile sweta za shule." Niliitunza. Sampuli hazina majina huku, zina herufi na namba tu, lakini yako naijua bila kusoma. Kwenye pamba ile waliota wawili. Mmoja ni chachu, jamaa wa hamira, wale wanaoishi mdomoni na tumboni mwa karibu kila mtu bila kumsumbua. Mwingine ni bakteria wa kawaida kabisa wa ngozini na puani. Hao wawili ulikuwa nao miaka yote. Ulipika nao, ukaimba nao kwaya. Hawakukugusa.

Hilo ndilo lililoninyima utulivu. Nilitaka kujua ni nini kilichowageuza.

Msimamizi wangu ndiye aliyenionyesha njia ya viwavi. Kiwavi wa nondo ana damu ya namna yake, na ndani ya damu hiyo ana askari wanaopigana na vidudu karibu kama wetu. Ukimdunga sindano nyembamba sana pale chini ya mguu wa nyuma, unasubiri. Akishinda, anabaki na rangi yake ya maziwa. Akishindwa, anaanza kuwa mweusi katikati, weusi unaenea, na mwishowe anakufa. Niliwapanga kwenye visahani. Wa kwanza niliwapa chachu yako peke yake. Wengi wao waliendelea kutambaa na kula kana kwamba nimewadunga maji. Wa pili niliwapa yule bakteria peke yake. Baadhi waliugua, wengi wakasimama tena. Wa tatu niliwapa wote wawili, kila mmoja nusu ya kile nilichowapa wale wa mwanzo.

Nilifika asubuhi kabla ya wafagiaji. Nilifungua kabati na koti bado liko begani. Visahani viwili vya kwanza vilikuwa vyeupe. Kisahani cha tatu kilikuwa cheusi.

Nilirudia. Nilirudia tena na viwavi wengine, kutoka mzinga mwingine, kwa sababu nilitaka sana niwe nimekosea. Kisahani cha tatu kilikuwa cheusi kila mara.

Nitakuambia kinachotokea, kwa sababu nimekiona kwa hadubini na sikuweza kula siku hiyo. Wawili hao wakikutana mahali penye unyevu na nyama dhaifu, hawaelei ovyo. Wanajishikiza, wanajijengea utando. Ni ule utelezi unaousikia ukipitisha kidole ndani ya tangi la maji lisilosuguliwa. Chachu ikiwa peke yake hukaa mviringo na mvivu. Ikiwa ndani ya utando pamoja na yule mwenzake, inatoa nyuzi ndefu zinazopenya nyama, na bakteria anashikilia zile nyuzi na kubebwa ndani, mahali ambapo peke yake asingefika. Naye mwenye nyuzi anamfunika mwenzake, dawa ya bakteria ikija haimfikii vizuri. Ulimeza vidonge vile vikubwa kwa uaminifu, ukivisindikiza na uji. Vilikuwa dawa ya mmoja wao. Hakuna aliyekuwa amemtafuta wa pili mpaka ile pamba, na wakati huo walikuwa wameshafika kwenye mfupa na kuingia kwenye damu.

Si kila mwenzake anaifanya chachu kuwa kali. Hilo nalo nimeliona, na linanishangaza kila mara. Nimeichanganya na bakteria wa maziwa ya mtindi, wale wale wa kibuyu chako cha mursik, na ikatulia kabisa, ikashindwa hata kutoa nyuzi. Chachu ni ile ile yako. Kinachobadilika ni nani amekaa naye. Nilipomweleza Baba alisema, "Kumbe ni bad company tu, kama watoto wanaozurura center." Lakini hapo nimerukia mbele.

Turudi kwa asali. Aunty Rael hakusema ujinga, na hilo ndilo lililonichoma. Chachu inakula sukari. Mimi mwenyewe ninaikuza kwenye sukari. Kila nikimimina ile supu tamu kwenye chupa nilisikia sauti yake pale kwenye chai. Nikamtafuta msimamizi nikamwomba niongeze jaribio ambalo halikuwa kwenye mpango, asali juu ya utando. Aliniuliza sababu. Nikasema watu wetu wengi hupaka asali kwenye vidonda. Ni kweli, lakini haikuwa sababu yangu. Nilitaka viwavi na visahani wamwambie Baba lile ulilonikataza kumwambia wewe. Nilitaka nirudi nyumbani na karatasi yenye jibu, nimwekee mezani, niseme asali haina hatia, halafu mimi nibaki na ahadi yako nzima nzima.

Nilitumia asali yako. Ule mtungi wa mwisho, uliobaki chini ya kitanda cha wageni.

Utando mchanga, ule uliokuwa umeanza tu kujishika, ulipopata asali ulilegea. Ulibanduka vipande vipande, na chachu iliyobaki haikuwa na nguvu ya kutoa nyuzi. Nilirukaruka peke yangu maabarani, ungeniona. Nilitaka kumpigia Baba pale pale. Kisha nikafanya kile nilichofunzwa kufanya, nikaujaribu utando uliokomaa, ule uliokaa mpaka ukawa mnene na wa kijivujivu. Niliumiminia asali. Asali ilikaa juu yake ikang'aa, na chini yake hakuna kilichobadilika. Haukuzidi kuwa mbaya, wala haukupona. Asali haikuulisha utando, Mama, hilo nimelipima kwa kila njia ninayoijua. Lakini pia haikuuweza.

Msimamizi alitazama matokeo akafurahi, akasema ni mazuri sana. Akaongeza, "Lakini kumbuka kiwavi si mtu, na kisahani si mguu." Nikamwambia ninakumbuka. Nilitoka nikazunguka lile jengo mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Jibu la Baba lilikuwa linategemea kitu kimoja tu, umri wa kile kidonda siku alipoanza kukipaka. Kama kilikuwa kichanga, asali yake ingekusaidia, na kuna mahali pengine alipokosea. Kama kilikuwa kimekomaa, hata angemimina mzinga mzima, ilikuwa imechelewa, na si yeye aliyeichelewesha. Na wa kuujua umri wake walikuwa watu wawili duniani, wewe na mimi.

"Usimwambie baba yako ilianza lini. Ataumia." Ndivyo ulivyoniambia, ukinishika kifundo cha mkono na vidole vyako vya moto. Nikasema ndiyo. Ningesema ndiyo kwa lolote siku hiyo.

Ulinieleza kila kitu kana kwamba unanisimulia kisa cha mtu mwingine. Mwiba wa mgunga uliopenya buti la mpira ukiwa kwenye mizinga. Hukuusikia, kwa sababu kisukari kilikuwa kimeshachukua hisia za nyayo. Uliuona jioni ulipovua, soksi imeganda. Na hukusema. Msimu wa kurina asali ulikuwa umekaribia, migunga imechanua vizuri kuliko miaka yote, na ulijua Baba akiona angekufungia ndani na kukupeleka hospitali siku hiyo hiyo. Ulisema utarina kwanza, kisha utaonyesha. Ukavaa soksi nene mchana na usiku. Pale nyumbani Rongai, Mama, kwenye lile joto. Baba alikutania mpaka akachoka: "Soksi kitandani? Mama Jebet, kwani umeolewa Molo kwenye baridi?" Na wewe ukacheka pamoja naye, ukavuta blanketi. Msimu mzima wa asali ulipita ukicheka hivyo. Alipokuja kuona mguu ni kwa sababu ya harufu, na hata hapo ulimwambia ni kitu cha juzi.

Akakuamini. Kwa nini asikuamini. Akachemsha maji, akachuja asali kwa chujio jipya la chai ambalo hakuruhusu mtu mwingine kuligusa, akararua shuka ile nyeupe ya wageni ikawa bandeji. Kila asubuhi kabla ya kukamua ng'ombe alipiga magoti mbele yako. Mama yake alimponya hivyo alipokuwa kijana, jembe lilipomkata. Ndani ya kichwa chake hesabu ni rahisi. Kilikuwa kidonda kidogo, cha juzi. Akakipaka. Kikawa kikubwa.

Nimekukasirikia. Naliandika sasa kwa sababu nikiliacha nitaendelea kuzunguka hili jengo mpaka nizeeke. Nimekukasirikia kwa zile soksi na kwa kicheko. Na zaidi kwa kunikabidhi siri na kuniita binti mzuri. Ulidhani unamkinga, na ukamwacha peke yake na jambo ambalo hakulifanya. Nakupenda, na nimekukasirikia, na vyote viwili vinakaa ndani yangu bila kupigana. Sikujua kama inawezekana.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Upepo ulikuwa ule wa vumbi kabla ya mvua, mabati ya zizi yakigonga. Nilimkuta Baba nyuma ya nyumba. Alikuwa ameikusanya mizinga yote. Hakuwa ameipita tangu tukuzike, lakini siku hiyo alikwenda na mkokoteni, akaibeba mmoja mmoja, akairundika karibu na shimo la takataka. Kando yake kulikuwa na kopo la mafuta ya taa. Alinisalimia vizuri tu, akaniuliza habari za masomo. Akasema, "Hii nataka kuchoma. Iko na wadudu mob, imejaa."

Nikamwambia asubiri, nimeleta habari za wadudu hao hao.

Tulikaa juu ya magogo. Nilimweleza kama nilivyokueleza, chachu na bakteria, tangi la maji, visahani vyeupe na kile cheusi. Hapo ndipo aliposema lile la bad company. Nilimwambia nimepima asali, asali ya nyumbani kwetu, na haikuulisha ule utando hata kidogo. Alisikiliza akitazama mikono yake. Sikuona furaha yoyote. Baba si mtu wa kupewa nusu ya hesabu, na alisomea mahali pagumu kuliko mimi, kwenye hofu yake mwenyewe. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Sasa huo utando ukiwa mchanga. Asali inaweza?"

Nikasema inaweza.

"Na chake kilikuwa kichanga. Si ndiyo?"

Mabati yaligonga. Nilikuwa nimejipanga kwa siku nyingi, na bado nilitamani sana mtu apite barabarani atuamkue, ng'ombe akate kamba, lolote. Nilikuona tena ukinishika mkono pale hospitalini. Nikamtazama Baba, na nikaona jinsi shingo yake ilivyokonda ndani ya kola. Mama, nilisema hapana. Nilisema hakikuwa kichanga, kilianza kabla ya kurina, kwa mwiba, na wewe ulijua, na uliniambia nisiseme.

Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema neno moja, "Soksi."

Nikasema ndiyo, soksi.

Aliinuka. Nilidhani anaendea lile kopo la mafuta. Alilipita. Alikwenda mpaka kaburini kwako, pale chini ya ua wa michongoma, na mimi nikabaki kwenye gogo kwa sababu hakuniita. Upepo ulikuwa ukivuma kunielekea, kwa hivyo nilimsikia ingawa sikutaka. Alikugombeza. Baba, ambaye sijawahi kumsikia akikupandishia sauti maishani mwangu, alikugombeza mchana kweupe. "Ungeniambia. Mimi si mtoto. Ulinichekesha na mguu unaoza. Ungeniambia, nikubebe." Alirudia hilo la kukubeba mara nyingi. Kisha sauti ikakatika, na akaanza kulia.

Sikuwahi kumsikia mwanamume mzima akilia hivyo. Hakuwa anajificha. Alipiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya kutokea, akalia mpaka jirani akatokeza kichwa kwenye ua, akaona, akarudi polepole. Na mimi nilipokuwa nimekaa pale nikaelewa kwa nini hakulia siku ya mazishi. Hakujiona ana haki. Aliyeua hajiungi na wanaolilia. Muda wote huu nyumba yetu haikuwa na mjane, ilikuwa na mshtakiwa.

Alirudi macho mekundu, akanawa uso kwenye ndoo ya ng'ombe, akaniuliza kama nimekula. Usiku ule alilala mpaka jua likachomoza, nami ndiye niliyekamua, vibaya. Mizinga hajaichoma. Sijamuuliza ataifanya nini, na yeye hajasema.

Aunty Rael nilimpigia simu Jumapili baada ya kanisa. Nilimwambia yote, na la mwiba pia. Akasema, "Huyo dada yangu." Akakata. Bado hajanipigia, wala hajamwendea Baba. Nimempa wiki hii. Ikipita nitakwenda kumchukua mwenyewe, na najua atakuja akidai simu yangu ndiyo iliyokatika.

Chachu yako iko kwenye friza. Nitaiacha kwa mwanafunzi anayenifuata, na ruhusa uliyotoa inatosha. Nimemwambia inapenda kuonekana mpole ikiwa peke yake, asiiamini.

Sikuombi msamaha kwa kuvunja ahadi. Nimejaribu kuliandika neno hilo na mkono umekataa. Ningerudishwa pale kwenye gogo ningesema tena, na ningesema mapema zaidi. Lakini nisikuache mikono mitupu. Nikimaliza masomo nitafanya kazi kwenye maabara ya hospitali, si ya chuo. Na kila kidonda kitakachofika mbele yangu, kabla sijagusa pamba, nitamwendea mgonjwa mwenyewe wodini nimuulize kilianza lini. Atanijibu ni cha juzi. Nitawaomba wa nyumbani kwake watupishe kidogo, nivute kiti, nimuulize tena. Akiniomba nisimwambie mtu, nitakataa nikiwa nimemshika mkono. Hiyo ndiyo ahadi ninayoweza kukupa, na hiyo nitaitimiza.

Nimekaa, Mama. Sijui nimekaa saa ngapi, nimejikuta tu kwenye kiti. Wenzangu wakiingia watadhani naumwa.

Nakuacha hapa. Lala. Baba amekuja kwako leo asubuhi kabla ya kukamua, amenipigia simu kuniambia, na sauti yake ilikuwa imejaa machozi na haikuwa na aibu. Hukuwa na mume pale kaburini siku ile tulipokuzika. Sasa unaye.

Mimi bintiyo,
Jebet